Kabla hujaposti hadithi yako ambayo haijachapishwa: hakimiliki haipotei kwa wizi, inapotea kwa kubonyeza "nakubali"

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni mrefu naomba mnivumilie, ni jambo ambalo limeniuma mwenyewe na sitaki limuume mwingine.

Kila mara napata ujumbe wa mtu mwenye rasimu ya riwaya, ameikalia miaka mitatu hataki hata rafiki yake aione kwa sababu "wataniibia". Na wakati huohuo kuna mwingine ameshaposti sura zote 40 zipo wazi kabisa halafu ndo anakuja kuuliza afanyeje ailinde. Kwa maoni yangu wote wawili macho yao yako kwa mwizi wakati hatari kubwa haiko kwa mwizi.

Tuanze na msingi. Hakimiliki hupewi na ofisi yoyote. Ukishaandika sentensi zako zikakaa kwenye karatasi au kwenye simu, tayari ni zako. Kuna Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, na ulipofanyiwa marekebisho pale Berlin mwaka 1908 ikawekwa wazi kwamba haki ya mwandishi isitegemee usajili wala sharti lolote la namna hiyo. Leo nchi zaidi ya 180 zimo kwenye huo mkataba na muda wa chini wa ulinzi ni maisha yako yote pamoja na miaka 50 baada ya kufa, nchi nyingi zimeongeza zikafika 70. Marekani walichelewa sana, wameingia tarehe 1 Machi 1989, na tangu hapo hata kwao kutokuweka alama ya © hakukufanyi upoteze kitu.

Kwahiyo kuposti hadithi mtandaoni HAKUKUNYANG'ANYI hakimiliki. Mtu akikuambia "ukishaiweka intaneti ni ya wote" mwambie hapana. Kusomwa bure ni jambo moja na kuwa mali ya umma ni jambo lingine kabisa.

Sasa kama haipotei, mbona waandishi wanalia? Wanalia kwa sababu hakimiliki sio kitu kimoja, ni furushi la haki nyingi: haki ya kuchapisha, kutafsiri, kugeuza filamu, kusoma kwa sauti na kurekodi, kuuza nakala. Furushi linabaki kuwa lako ila unaweza ukawa umeshaligawa vipande vipande bila kujua. Na kipande kinachoondoka mapema kuliko vyote ni haki ya kutoa kazi kwa mara ya kwanza. Hiyo inatumika mara moja tu. Jarida linaponunua hadithi fupi mara nyingi kinachonunuliwa ni hicho hicho, kwamba msomaji hajaisoma kokote.

Yangu ilikuwa hivi. Riwaya ya sura 32, nikawa naposti sura moja kila wiki, yeyote mwenye linki anasoma. Wasomaji walikuwa wengi na nilifurahi kusema kweli. Baadaye nikaiandika upya karibu nusu yake, nikatuma kwa mchapishaji mmoja, mhariri akaipenda, tukaandikiana vizuri tu mpaka siku aliyoniuliza "hii imewahi kutoka mahali popote?" Nikamwambia ukweli. Akaniuliza zimetoka sura ngapi, nikasema zote. Mazungumzo yakaishia pale. Hakuna aliyeniibia hata neno moja wakuu, hakimiliki ilikuwa yangu siku ile na bado ni yangu leo, ila kile walichotaka kununua nilikuwa nimeshakitumia mwenyewe.

Ndo maana nimeleta huu uzi. Karibuni tujadili, ulizeni, na mwenye uzoefu tofauti aseme.

#2

Asante sana mkuu kwa bandiko. Naomba kuuliza, mimi kila nikimaliza hadithi naprinti naweka kwenye bahasha najitumia mwenyewe kwa posta halafu siifungui, nimeambiwa ule mhuri wa tarehe ni ushahidi mahakamani. Hii imekaaje?

#3 – Mleta uzi

Mkuu hiyo njia ni ya zamani na imeenea sana ila haina nguvu watu wanayodhani. Fikiria tu, unaweza kujitumia bahasha tupu ambayo hujaibandika gundi, ikifika na mhuri wake unakaa nayo, miaka miwili baadaye unaingiza chochote ndani unaifunga. Hakimu analijua hilo. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani wenyewe wanasema sheria yao haina kifungu chochote kinachoitambua hiyo bahasha, na wala haichukui nafasi ya usajili.

Kitu chenye uzito zaidi ni njia nzima uliyopitia. Rasimu ya kwanza yenye makosa, ya pili uliyofuta mhusika, noti zako za daftari, barua pepe uliyomtumia rafiki ukamwambia soma sura ya tano uniambie inaboa wapi, naye akajibu. Mtu aliyekopi na kupesti ana faili moja safi tu, hana historia. Wewe una matoleo 15 na kila moja lina tarehe yake. Mimi siku hizi sifuti rasimu hata moja, nazihifadhi kwenye folda kwa tarehe, na nakala nyingine iko nje ya simu na kompyuta yangu.

Na kama nchi uliyopo ina ofisi ya kusajili hakimiliki na una kazi unayoiamini, sajili. Nilisema usajili haukupi haki, lakini siku ya ugomvi unakupa karatasi ya kuweka mezani.

#4

Mimi nachoandikaga chini ya kila sura ni © jina langu, mwaka, halafu "haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili". Kumbe haina maana?

#5 – Mleta uzi

Ina maana mkuu, endelea kuandika! Sio lazima ila inasaidia kwa njia mbili. Kwanza aliyekopi hawezi kusema hakujua. Pili, na hii wengi hawaijui, ule Mkataba wa Berne unasema jina likiwa kwenye kazi kwa namna ya kawaida basi huyo ndo anachukuliwa kuwa mwandishi mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Yaani mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayepinga.

Nachokuomba tu usiweke jina mwisho wa sura peke yake, maana mtu akikopi anakata mstari wa mwisho na kazi imeisha. Weka mwanzo, na kama unatuma PDF weka kila ukurasa na jaza pia sehemu ya mwandishi kwenye taarifa za faili lenyewe. Mwizi mvivu hizo za ndani huwa hazigusi.

#6

Hapo kwenye jina mmenigusa. Mimi natumia jina la kubuni na sitaki ndugu zangu wajue ninachoandika. Je nina haki kweli wakati jina langu halipo popote?

#7 – Mleta uzi

Unazo, dada au kaka, samahani sijajua. Jina la kubuni linakubalika, mkataba wenyewe unalitaja. Ila lazima kuwe na njia ya kukuunganisha wewe na hilo jina siku ikihitajika. Kama jina la kubuni halifichi kabisa wewe ni nani hupotezi kitu. Kama limekuficha kabisa kabisa, kwanza hata muda wa ulinzi unahesabiwa tofauti, unaanza kuhesabiwa tangu kazi ilipotolewa na sio tangu ulipofariki, na pili ukitaka kudai itabidi ujitokeze kwa namna fulani.

Nachoshauri: mweleze mtu mmoja unayemwamini kwa maandishi, yaani barua pepe yenye jina lako halisi inayosema "mimi ndo ninayeandika kwa jina fulani, hadithi zangu ni hizi". Na ile akaunti unayopostia tafadhali ilinde, paswedi ngumu na namba ya simu ambayo haitapotea. Nimeona mtu akipoteza laini, akaunti ikaenda, na jina alilojenga miaka sita likawa halina mwenyewe anayeweza kulithibitisha. Ile ilinisikitisha sana.

#8

Nitofautiane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Mnatisha watu. Mwandishi asiyejulikana tatizo lake la kwanza sio kuibiwa wala haki ya kwanza sijui ya pili, tatizo lake ni kwamba HASOMWI. Mimi bila kuposti bure nisingekuwa na msomaji hata mmoja, na hao wasomaji ndo mashahidi wangu, watu elfu wamekomenti chini ya sura ya kwanza kwa tarehe yake, nani atakuja kuniambia sio yangu? Na nimeshaona riwaya zilizoanza bure mtandaoni wachapishaji wakazifuata wenyewe kwa sababu ya hao wasomaji.

#9 – Mleta uzi

Mkuu naomba nikubaliane na wewe kwa sehemu kubwa, umesema jambo ambalo nilipaswa kuliweka kule juu. Komenti zenye tarehe ni ushahidi mzuri sana kuliko bahasha ya mwenzetu wa #2. Na kweli riwaya yenye wasomaji wengi inaweza kumvuta mchapishaji wa vitabu, hao hawana msimamo mmoja. Wagumu ni majarida na mashindano ya hadithi fupi, kule "haijawahi kutoka popote" mara nyingi ni sharti na blogu yako binafsi inahesabika, hata kama ilisomwa na watu wanane.

Kwahiyo sisemi usiposti. Nasema uamue KABLA kwamba hii ni hadithi ya kutoa bure kwa wasomaji au ni hadithi ya kupeleka sokoni. Mimi sasa nina za aina zote mbili na sizichanganyi. Ya riwaya naposti sura tatu nne za mwanzo watu waonje. Hadithi fupi ninayotaka kuipeleka jaridani siiposti hata aya moja, wanaoisoma ni kikundi cha watu sita tunaosomeana, mahali panapofungwa kwa paswedi na ambapo Google haiingii. Wahariri wengi kikundi kilichofungwa namna hiyo hawakihesabu kuwa ni kuchapisha, lakini soma masharti ya kila jarida maana wanatofautiana.

Halafu usitegemee kufuta. Ukishaiweka wazi inawezekana imeshahifadhiwa kwenye Wayback Machine (ile tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni) au kwenye simu za watu.

#10

Mimi yamenikuta tayari. Hadithi yangu ya sehemu 18 nimeikuta kwenye chaneli ya Telegram, jina langu limetolewa limewekwa la mtu mwingine na anauza sehemu za mwisho kwa wanaolipia. Nimemfuata nikamtukana akaniblock. Nifanye nini jamani naumia

#11 – Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu. Hilo linauma na una haki ya kuumia, ni jasho lako hilo.

Kwa faida ya wengine: usimfuate mwizi kwanza. Ukimfuata anafuta au anakublock kama alivyofanya halafu unabaki mikono mitupu. Anza na skrinshoti, zinazoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe, jina alilotumia, bei anayouza. Ukurasa ukiwa wazi uhifadhi pia kwenye Wayback Machine ili nakala iwe kwa mtu wa tatu na sio kwako peke yako. Wewe muombe rafiki aingie kwa akaunti yake akuchukulie hizo picha leo hii.

Baada ya hapo unaandikia wenye jukwaa. Majukwaa makubwa mengi yanafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA, nayo inataka notisi yako iwe na vitu kamili la sivyo wanaweza wasiishughulikie: sema kazi yako ni ipi na ya awali ilitoka wapi, toa linki ya kila sehemu iliyoibiwa (sio kusema tu "chaneli fulani"), namna ya kukupata, maelezo kwamba kwa nia njema unaamini matumizi hayo hayajaruhusiwa, kwamba taarifa zako ni sahihi na kwamba wewe ndo mwenye haki au mwakilishi wake, hilo la mwisho unaapa kabisa na ukidanganya ni kosa, na saini yako. Saini ya kuandika jina inakubalika.

Jua pia kwamba huyo mtu anaweza kupeleka notisi ya kupinga. Akifanya hivyo jukwaa linaweza kuirudisha kazi baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi, isipokuwa wewe uwe umefungua kesi. Wezi wengi huwa hawapingi maana inabidi nao waape na watoe jina na anwani yao halisi.

Kuhusu kesi, kwa wanaofikiria kwenda mahakama za Marekani: kule usajili una kazi kubwa. Fidia ile ambayo sheria imeipangia kiwango, dola 750 mpaka 30,000 kwa kazi moja na mpaka 150,000 kama aliiba kwa makusudi, kwa ujumla huwezi kuidai kama hukusajili kabla ya wizi au ndani ya miezi mitatu tangu ulipoitoa. Bila hiyo inabidi uthibitishe hasara halisi, na hasara ya hadithi uliyokuwa unaitoa bure ni ngumu kuithibitisha.

#12

Mimi sijaibiwa maneno nimeibiwa WAZO. Nilieleza humu ndani wazo la riwaya yangu, msichana anayerithi nyumba ambayo kila chumba kiko kwenye mwaka tofauti, miezi mitano baadaye jamaa kaleta hadithi hiyohiyo. Naweza kumshtaki?

#13 – Mleta uzi

Hapa sitakudanganya mkuu, kwa wazo peke yake hapana. Hakimiliki inalinda namna ulivyolieleza wazo, sio wazo lenyewe, na hii ipo wazi hata kwenye mkataba wa kibiashara wa TRIPS wa mwaka 1994. Nyumba yenye vyumba vya miaka tofauti yeyote anaweza kuiandika. Angekuwa amechukua wahusika wako jinsi walivyo, mfuatano wa matukio moja baada ya jingine, mazungumzo, hapo ungekuwa na la kusema hata kama amebadilisha maneno.

Ndo maana mimi muhtasari wa riwaya nzima na mwisho wake siuweki wazi kabisa. Sura iliyoandikwa vizuri ina ulinzi kuliko muhtasari wa mistari mitano. Watu wanafanya kinyume, wanaficha sura wanatangaza wazo.

Ila iandike mkuu. Wewe ndo umeishi na hiyo nyumba kichwani, yeye kaisikia tu.

#14

Swali la haraka, rafiki yangu alinisomea rasimu akanipa maoni mengi hadi mwisho nimebadilisha alivyoshauri, sasa anasema hadithi ni yetu wote.

#15 – Mleta uzi

Ushauri haumfanyi mtu kuwa mwandishi. Kama alisema "mwisho hauridhishi, huyo baba asife" na wewe ukaandika, ni yako. Kama alikaa akaandika kurasa mwenyewe na ukaziingiza kama zilivyo, hizo kurasa ni zake na inabidi mkubaliane. Vilevile zile hadithi za kupokezana kwenye magrupu ya WhatsApp, huyu anaandika sehemu ya kwanza yule ya pili, andikeni makubaliano mapema hata kwa ujumbe mmoja tu. Na mshukuru rafiki yako kwenye kitabu, ushauri wa namna hiyo ni adimu.

#16

Nina jambo la dharura kidogo. Kuna programu moja ya kusomea hadithi imenifuata, wanataka riwaya yangu niiweke kwao wanilipe kwa kila sura. Mkataba ni kurasa 11 na wanataka jibu wiki hii. Niangalie nini?

#17 – Mleta uzi

Mkuu hili nalo lilinifanya nianzishe uzi, asante kwa kuuliza kabla hujasaini.

Tofautisha vitu viwili. Tovuti yoyote unayoposti itakuomba leseni, yaani ruhusa ya kutumia kazi yako, hiyo ni kawaida, bila leseni hata kuionyesha kwenye seva zao hawawezi. Leseni ya kawaida ni ile isiyo ya kipekee: wao wanaonyesha, na wewe unabaki huru kuipeleka kwingine. Angalia pia kama inaisha ukifuta kazi yako, na kama inawaruhusu kuitumia kwa mambo mengine mfano kufundishia akili bandia. Haya yote yako kwenye masharti tunayobonyeza "nakubali" bila kusoma.

Mkataba kama huo wako ni kitu kingine. Tafuta neno "kipekee". Likiwepo maana yake hata wewe mwenyewe huruhusiwi kuiposti kwingine. Ukilikuta uliza kwa muda gani. Mwaka mmoja au miwili inazungumzika. "Kwa muda wote wa hakimiliki" maana yake ni maisha yako na miaka 50 au 70 juu yake, watoto wako nao wamefungwa. Tafuta pia neno "kuhamisha", kuhamisha sio kukodisha, ni kuuza moja kwa moja. Halafu angalia kazi zitokanazo: filamu, tamthilia, tafsiri, sauti, mwendelezo wa riwaya. Kama wanalipia sura za kusomwa kwenye simu, filamu inaingiaje humo? Waombe wazitoe. Na tafuta kipengele cha kurudisha haki: wakifunga programu au wakiacha kukulipa kazi inarudi kwako vipi na baada ya muda gani. Kisipokuwepo omba kiandikwe.

Hayo ya "jibu wiki hii" usiyaogope. Riwaya imekuchukua muda gani kuandika? Waandikie kwa adabu kwamba unahitaji wiki mbili usome na ikiwezekana umuonyeshe mwanasheria. Na wewe uliyeuliza inbox kuhusu Creative Commons, yaani leseni ya kuruhusu yeyote atumie kazi yako bure kwa masharti unayochagua, nijibu hapa hapa: ni leseni nzuri kama kweli unataka kutoa, lakini haifutiki. Aliyeipata hadithi chini ya hiyo leseni anaendelea nayo hata wewe ukibadili mawazo kesho.

#18

Nimerudi mkuu. Nimesoma zote 11 jana usiku. Ukurasa wa 4 wameandika kipekee, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki. Ukurasa wa 7 filamu na tamthilia ni zao, na mwendelezo nikiandika lazima niwape wao kwanza. Cha kurudisha haki hakipo kabisa. Nimewaandikia asubuhi hii nataka miaka miwili, filamu itoke, na kipengele cha kurudisha haki kiingie.

#19 – Mleta uzi

Vizuri sana mkuu, na umefanya vizuri kuandika badala ya kupiga simu. Usiweke sura yoyote kwao mpaka wajibu kwa maandishi. Wakijibu lete hapa maneno yao yalivyo, ila ondoa jina lao, tuyasome wote.